Kloni 220 za muhogo na fedha ya mara moja: nipime RNA au nirudie shamba?

Kisamvu_na_Nazi

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu ni muhogo na ugonjwa wa michirizi kahawia. Nina familia moja tu. Mama ni Namikonga, baba ni aina moja tamu ya pwani ambayo ugonjwa huu unaitafuna bila huruma. Kloni, yaani watoto wa wazazi hao ambao kila mmoja anazidishwa kwa pingili, ni 220, zimepandwa Chambezi kule Bagamoyo na Naliendele Mtwara, kila kloni mstari wa mashina matano, marudio mawili kila shamba. DNA imeshapimwa, nina alama elfu kadhaa zilizosafishwa, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya kloni. Mavuno ya kwanza yamepita.

Sasa kuna fedha imebaki kwenye mradi na lazima itumike kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Msimamizi wangu anataka tupime RNA ya majani, yaani nakala zinazotoka kwenye jeni zinapofanya kazi, kwa sampuli 48, halafu kemikali za mizizi juu yake, ili tasnifu iwe ya omiksi kweli kweli, yaani ya kupima DNA, RNA na kemikali nyingi kwa pamoja. Mimi moyoni naona fedha hiyohiyo ingetosha kurudia shamba msimu wa pili na kuongeza eneo la tatu. Nikilisema hilo kwenye kikao naonekana nimebaki nyuma, maana siku hizi jembe halihesabiki kuwa sayansi.

Kinachoninyima usingizi ni mizizi yenyewe. Tunaukata kila mzizi kwa upana sehemu tano, tunatazama nyama ya ndani, tunaandika 1 hadi 5. Moja ni mweupe mtupu, tano ni kahawia ngumu kama kizibo karibu mzizi mzima. Kuna kloni ina majani safi, shina safi, ukikata chini unakuta 4. Kuna nyingine mashina manne yana 1 na la tano lina 5, mstari uleule, udongo uleule. Nikipiga wastani napata 1.8, na mzizi wa 1.8 hakuna niliyemwona akiuchimba.

Kwa hiyo naomba msaada kwa mambo haya. RNA na kemikali zitanisaidia kuchagua kloni bora kuliko DNA peke yake? Na nikishaletewa orodha ya jeni 2,000 zilizotofautiana kati ya wazima na wagonjwa, nitajuaje ipi ndiyo yenyewe? Halafu jani nalichuma lini, kabla ya ugonjwa au baada?

Mwanadata254

Habari ndugu. Mimi ni mtu wa kompyuta, Nairobi. Muhogo naujua zaidi ukiwa umechemshwa, na chai ya asubuhi, lakini data zake zimepita mikononi mwangu.

Swali la kwanza nakujibu moja kwa moja: kwa familia moja ya ndugu wa tumbo moja, usitarajie RNA ikuongezee utabiri kwa kiasi cha maana. Ndugu hao wamegawana vipande vikubwa vya kromosomu kutoka kwa wazazi wawili, na alama elfu kadhaa zinatosha kabisa kusema nani kachukua kipande gani. RNA ya jani ni matokeo ya vipande hivyohivyo, imeongezwa hali ya hewa ya siku ile, saa ya kuchuma, na kama inzi weupe wanaoeneza virusi vya ugonjwa huu walipita au hawakupita. Kuna kazi ya mahindi ya 2020 iliyolinganisha mambo haya kwa makini: utabiri wa RNA ulikaribiana na wa DNA bila kuupita. Ila waliona jambo zuri pembeni. RNA iliibua jeni za kutoa maua ambazo tayari zinajulikana, nyingi kuliko zilizoibuliwa na alama za DNA. Ina maana kila data ina kazi yake, na kazi ya RNA si kupanga foleni ya kloni.

Halafu sampuli 48 kati ya 220, ukigawa maeneo mawili na hali mbili, unabaki na mimea kumi na miwili kila kapu. Huwezi kufundisha modeli kwa hiyo.

Kuhusu hiyo 1.8 yako, acha kupiga wastani. Andika vitu viwili tofauti: mashina mangapi kati ya matano yana dalili kwenye mizizi, na kwa yale yenye dalili, ukali ni kiasi gani. Mara nyingi vina urithi tofauti. Kimoja kinaelekea kukuambia mmea uliambukizwa au la, cha pili kinakuambia mmea ulifanya nini baada ya kuambukizwa. Ukivichanganya, jeni mbili zenye kazi tofauti zinafutana.

Na ukipima ubora wa utabiri wako usichukue kloni za Chambezi ukazigawa nusu kwa nusu ukafurahia namba. Fundisha kwa Chambezi, tabiri Naliendele. Namba itashuka, lakini hiyo ndiyo ya kweli.

Mkulima_Mkuranga

Mengi mliyoandika yamenipita, ila hapo kwenye kuchimba nina la kusema.

Mnavuna miezi 12. Sisi nani anavuna shamba zima siku moja? Tunachimba shina la leo, la kesho linabaki ardhini ndiyo ghala letu. Muhogo wenye ugonjwa huu ukichimba mapema mara nyingi bado unalika, ukiuacha upite mwaka unakuta ndani umeharibika. Ndiyo maana watu huku wanachimba haraka hata kama mzizi haujajaa, na hapo hasara imeshaingia bila mtu kuihesabu kuwa ni ugonjwa. Kloni yako yenye 1 kwa miezi 12 iache mistari miwili mpaka miezi 18 uone.

Jingine ni utamu. Mnaleta mbegu hazifi, mtu anapika, chungu, anarudi kwenye ile yake inayooza. Hiyo aina ya baba yako watu wanaipanda wanajua kabisa inaugua.

Mama Pingili

Marahaba mwanangu. Nimestaafu, nina muda, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mkulima hapo juu amekupa ushauri bora kuliko atakaokupa mtu yeyote kwenye uzi huu, mimi nikiwemo. Uandike ukutani.

Sasa nianze na mama wa familia yako, maana nadhani hujamfahamu vizuri. Ugonjwa huu ulielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936 akiwa Amani, kule Usambara. Pale Amani walikuwa wameanza kuchavusha muhogo na ndugu zake wa porini, hasa Manihot glaziovii, ule mti ambao majani yake tunayala tukiyaita kisamvu cha mpira. Walichukua chotara wakamrudisha kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikawa mizizi tena. Mmoja wa watoto hao aliandikwa kwa namba tu, 46106/27. Wakulima hawapandi namba. Huku kwetu akaitwa Namikonga, pwani ya Kenya akaitwa Kaleso, na DNA ilipokuja kupimwa ikaonekana ni kitu kimoja. Kwa hiyo ukisoma kazi ya Kaleso na kazi ya Namikonga, unasoma kuhusu mmea mmoja. Wapo waliozihesabu kama ushahidi wa aina mbili.

Maana yake kwako ni hii. Namikonga amebeba vipande vya mpira ndani ya kromosomu zake. Uchambuzi uliotoka 2019 ulionyesha vipande vikubwa vya glaziovii kwenye kromosomu ya 1 na ya 4, vimesambaa kwenye mihogo mingi ya kuboreshwa Afrika, na havikatikikatiki. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, kipande cha mpira na kipande cha muhogo havibadilishani vizuri, kinarithiwa kizimakizima na mamia ya jeni ndani yake. Alama zako zote zilizo humo zitapiga kengele pamoja. Hakuna takwimu itakayokuambia ni jeni ipi, kwa sababu kwenye familia yako hakuna mtoto aliyezitenganisha, au wapo wachache sana.

Hapo ndipo watu husema, basi tupime RNA, jeni itajionyesha. Angalia mtego. Programu inachukua vipande vya RNA na kuvitafutia mahali pake kwenye jenomu ya rejea, yaani ramani ya DNA yote ya muhogo mmoja ambayo wote wanalinganishia, AM560-2, ambayo imetokana na muhogo wa Kolombia. Haina mpira. Vipande vilivyotoka kwenye jeni za mpira vina herufi zilizotofautiana, vingine havitashika, vinatupwa. Kwenye jedwali utaona jeni hiyo "imepungua" kwa kila mtoto aliyerithi kipande cha mama, ukashangilia kwamba umepata jeni inayozimwa kwenye mimea yenye ukinzani. Hujapata kitu, ni vipimo vilivyoangukia nje ya ramani. Kama utapima RNA, kwanza uwe na jenomu ya Namikonga mwenyewe, au angalau ubadilishe herufi za rejea kwa kutumia DNA ya wazazi wako wote wawili.

Swali la jeni 2,000. Kazi ya 2014 ililinganisha Kaleso na Albert, aina inayougua sana, wakakuta jeni zaidi ya 700 zimepanda kwenye Kaleso iliyoambukizwa. Mojawapo kati ya hizo inaweza kuwa yenyewe. Inaweza pia isiwemo kabisa. Jani likiugua, jeni za kutengeneza chakula zinashuka na za kujihami zinapanda, kwa muhogo wowote. Kumtazama mgonjwa akitetemeka hakukuambii mbu aliingilia dirisha lipi. Na wale "wazima" wako nao ni wa aina mbili: waliopambana na virusi wakashinda, na ambao inzi hakuwafikia. Ukiwaweka kapu moja umeshaharibu jaribio kabla ya kufika maabara. Lile shina lako la tano lenye 5 katikati ya manne yenye 1, mimi nashuku manne yale yalikwepa tu.

Kwa hiyo kabla ya RNA ya mmea pima wingi wa virusi. Kwa PCR ya kupima wingi, kipimo cha maabara kinachokadiria virusi ni vingi kiasi gani, kila shina na si kila mstari. Ni nafuu kuliko kusoma RNA yote, na itakusafishia data yako ya mizizi kuliko kitu kingine chochote utakachonunua na fedha hiyo. Shina lisilo na virusi halikupi habari ya ukinzani, liondoe kwenye hesabu ya ukali.

Ngoja nikupe mfano wa jinsi jeni inavyopatikana kweli, maana vijana mnadhani inatoka kwenye kompyuta usiku mmoja.

Batobato kali, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, ina ukinzani unaoitwa CMD2. Ulitoka kwenye mihogo ya kienyeji ya Nigeria, TME 3 na wenzake. Eneo lake lilijulikana kwa miaka mingi, kromosomu ya 12, na watu waliendelea kuzalisha mbegu nzuri kwa kutumia alama za eneo hilo bila kuijua jeni. Hilo lenyewe ulitafakari: wakulima walinufaika kabla jeni haijapatikana. Kisha likatokea jambo la ajabu maabara. Mimea ya TME ilipokuzwa upya kutoka kwenye seli laini, njia ileile inayotumika kuingiza jeni mpya, ikatoka ikiwa imepoteza ukinzani. Taarifa hiyo ilichapishwa 2016 na iliwaumiza wengi, kwa sababu walikuwa wanatengeneza muhogo wa kuzuia michirizi, wakapata muhogo unaougua batobato. Wengine wakadhani DNA haijaguswa, kwamba ni alama za juu ya DNA ndizo zilizofutika.

Mwaka 2022 ndiyo jibu lilitoka. Ni mabadiliko ya herufi kwenye jeni MePOLD1, sehemu ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea. Sasa fikiri: virusi vya batobato ni vya DNA, na havina mashine yao ya kunakili, vinaazima ya mmea. Mashine ikibadilika kidogo, muhogo unaendelea kuishi lakini virusi vinakwama. Na hawakuishia kwenye kusema jeni hii inalandana na ukinzani. Waliizima jeni hiyo kwenye muhogo unaougua, na muhogo ukaonyesha kupona kwa mtindo uleule wa CMD2. Hapo ndipo unaruhusiwa kutamka neno "jeni yenyewe".

Angalia na aina ya badiliko. Liko kwenye umbo la protini. Hesabu ya RNA, kuona ipi imepanda ipi imeshuka, ingeweza kupita juu yake mchana kweupe isilione.

Fedha yako ningeigawa hivi. Sehemu kubwa kabisa iende msimu wa pili, maeneo hayohayo mawili, hata usiongeze la tatu. Inayofuata iende kwenye kupima virusi shina kwa shina. Kinachobaki tafuta kwenye DNA yako watoto ambao kipande cha mama kimekatika katikati yao. Hata wakiwa wanane. Hao ni dhahabu, ndio pekee watakaokuambia nusu ipi ya kipande ina ukinzani, kama umo humo. RNA wapimie hao na wazazi wawili, basi.

Msimamizi wako atapata neno lake la omiksi kwenye kichwa cha tasnifu, usigombane naye. DNA, virusi, RNA ya wachache waliochaguliwa kwa sababu maalumu. Ni omiksi tosha.

MuwogoKampala

Mama Pingili amegusa jambo la batobato na mimi naongeza la kwetu Uganda, maana sisi tuliumia mara mbili.

Miaka ya 1990 batobato ilifagia muhogo hapa. Mbegu zenye ukinzani zikaletwa, zikasambazwa, njaa ikapungua. Halafu 2004 michirizi kahawia ikaonekana, kwenye mwinuko ambao vitabu vilisema ugonjwa huo haupandi, kwani ulihesabiwa kuwa wa pwani na maeneo ya chini ya mita 1,000. Aina zilizokuwa zinasimama imara mbele ya batobato zikaoza chini kwa chini. Si ajabu ukiangalia maelezo ya Mama: virusi vya michirizi ni vya RNA, vinajinakili kwa njia nyingine kabisa, MePOLD1 haina la kuvifanya. Ndugu, kwenye familia yako angalia magonjwa yote mawili. Namikonga asije akakupa kimoja akakunyima kingine.

Pili, virusi vya michirizi ni spishi mbili, CBSV na UCBSV. Ukipima wingi, pima zote mbili kila moja peke yake. Kuna muhogo unaoizuia UCBSV vizuri na kulegea mbele ya nyingine, na CBSV ndiyo kali zaidi. Naliendele na Chambezi zinaweza kuwa na mchanganyiko tofauti, na hapo kloni zako zitabadilishana nafasi kwa sababu ya virusi, si kwa sababu ya hali ya hewa.

Mkitaka mfano wa jeni iliyopatikana kwa kuanzia upande wa virusi, ipo. Virusi hivi vina protini inayojishikiza kwenye mashine ya mmea ya kuanzishia usomaji wa RNA. Mwaka 2019 watafiti waliharibu kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, jeni mbili za mashine hiyo, nCBP-1 na nCBP-2, kwenye muhogo. Dalili zilipungua, uozo wa mizizi ukapungua, lakini ugonjwa haukwisha. Mimi nalipenda jibu hilo kwa sababu ni la kweli: mlango mmoja umefungwa, mingine ipo. Na mwaka huohuo ikatoka taarifa ya mihogo ya Amerika Kusini, kutoka hifadhi ya CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichopo Kolombia, iliyobebeshwa virusi Ujerumani ndani ya nyumba ya vioo na baadhi yake virusi havikuonekana kabisa. Namikonga hajawahi kuwa hivyo. Kwake virusi vinaingia, vinaongezeka taratibu.

Mwanadata254

Mama nakuheshimu na karibu yote nakubali, ila hapo kwenye kemikali umepita haraka, na mwenzetu aliuliza pia.

Chukueni muhogo wa njano, wenye vitamini A. Jeni inajulikana, PSY2, kromosomu ya 1, na badiliko la asidi amino moja lilielezwa 2010. Wazalishaji wa Afrika walipoufukuzia unjano wakakuta mzizi unapoteza ukavu, yaani wanga unapungua, na mtu wa gari (chenga za muhogo uliochachushwa na kukaangwa) au ugali wa muhogo hautaki. Swali: ni jeni mbili zinazokaa jirani na kurithiwa pamoja, au ni jeni moja inayovuta malighafi ya wanga kuipeleka kwenye rangi? DNA peke yake haijibu. Karibu na PSY2 ipo kweli jeni ya kushughulikia sukari, kwa hiyo ujirani unaaminika. Lakini 2018 walioongeza rangi kwa kuingiza jeni, bila ujirani wowote, wakaona ukavu umeshuka vilevile na kemia ya mzizi imebadilika. Na kule CIAT wana mihogo ya njano ambayo ukavu wake hauna shida. Pande zote mbili zina ushahidi, na bila kupima kemikali mjadala huo usingekuwepo, watu wangeendelea kuvunja ujirani mwaka baada ya mwaka wakidhani ndiyo dawa.

Kwa hiyo kama swali lako lina harufu ya kemia, kwa mfano uchungu alioutaja mkulima wa Mkuranga, hapo pima kemikali. Linamarini ndiyo inayotoa sianidi, kipimo chake ni rahisi, na ramani ya 2021 tayari ilionyesha eneo kubwa kwenye kromosomu ya 16 penye jeni ya kusafirisha vitu ndani ya seli. Pima hiyo moja kwenye kloni zako 220 zote badala ya kemikali elfu kwenye mizizi 48.

Mama Pingili

Hapo umesema. Nakubali, sianidi ipimwe kwa zote.

Kisamvu_na_Nazi

Wakubwa nashukuru sana. Nimeongea na msimamizi. Msimu wa pili amekubali, wingi wa virusi amekubali, RNA amepunguza lakini hakuiachia: tumebaki na waliokatika kipande, nimewakuta 11 kwenye kromosomu ya 1, pamoja na wazazi. Sianidi ameipenda kuliko yote, amesema itachapishika peke yake. Mkulima, mistari ya miezi 18 nimeiacha Chambezi, Naliendele wameshaahidi.

Bado nimekwama kwenye kuchuma. Naitrojeni ya maji kuifikisha Mtwara ni kazi, na hao 11 nisipowaambukiza mwenyewe sijui nani kapata virusi na nani hajapata.

Mama Pingili

Hao 11 na wazazi usiwapimie RNA shambani. Watengenezee pingili safi, wapande kwenye vyungu ndani ya nyumba ya wavu, kila mmoja angalau vyungu sita. Vitatu bebesha kipande cha shina lenye ugonjwa, vitatu bebesha kipande kisafi. Usisahau hivyo vya kipande kisafi, maana kisu na kidonda peke yake huamsha jeni nyingi, na bila hao hutajua kipi ni cha virusi na kipi ni cha jeraha. Shina la kubebesha litoke kwenye mmea mmoja uliopima virusi vyake ukajua ni spishi ipi.

Chuma kwa vipindi, usichume mara moja. Saa chache baada ya kubebesha utaona kidonda tu, wiki za mwanzo ndipo Namikonga anatofautiana na wenzake, na ukingoja mpaka dalili zijae utakuwa unapima ugonjwa. Kama fedha inaruhusu vipindi viwili, chukua wiki ya kwanza na ile ambayo PCR inaanza kuona virusi kwenye baba yako. Saa ya kuchuma iwe moja kwa wote, tuseme saa tatu asubuhi, na jani liwe la nafasi moja kuhesabu kutoka juu. Jeni nyingi hupanda na kushuka kwa kufuata jua, na kijana wako akianza kuchuma saa mbili akamaliza saa saba, utaipata saa kwenye data yako badala ya ukinzani.

Naitrojeni achana nayo. Ukiwa na vyungu karibu na maabara huhitaji kuisafirisha. Kama lazima usafirishe, ipo dawa ya maji ya kuhifadhia RNA, unakata vipande vidogo vya jani unavizamisha papo hapo. Vikubwa dawa haiingii ndani.

Kwa wingi wa virusi shambani chuma majani ya chini yaliyokomaa, huko ndiko michirizi inakojionyesha. Jani changa la juu linaweza kukupa mmea safi kwa uongo. Na kabla hujapanda msimu wa pili rudia kupima DNA ya wale 11 kutoka kwenye pingili zilezile utakazopanda. Vibao vya shambani huwa vinahama.

MuwogoKampala

Vibao vinahama sana. Pima na wazazi.